Pale Kilio cha Mtoto Kinapofika

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mke wangu anisamehe kwa kusema hivyo, ni siku ambayo bibi mmoja wa Kingoni alinifunga fungu la vitambaa mgongoni kwa mbeleko, akanipandisha kilima na kuniteremsha mara tatu mbele ya wanawake wa kiwanda kizima. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nilijiona fundi wa kutajwa, suruali ndefu, penseli nyuma ya sikio, kijana ambaye akipita Lindi mjini anataka watu waulize yule ni nani.

Nakuambia haya kwa kuwa nimesikia wewe nawe sasa unachora nyumba za watu. Nimefurahi, tena sana. Lakini kabla hujachonga penseli nyingine, kaa nami kidogo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilivunjika mapema, kwa hiyo najua panapouma.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, na mkonge ulikuwa umepanda bei hata mashamba ya Kilwa na Lindi hayakujua siku ya kupumzika. Sasa mkonge, kama umewahi kuukata, una miiba kwenye ncha. Mkataji anaingia shambani na kaptula nzima anatoka na nusu. Nguo zilihitajika, tena nyingi. Hapo ndipo tajiri mmoja, Bwana Jivan, aliyekuwa na mafundi watatu tu wa cherehani barazani kwake, akajenga banda kubwa la mabati nje kidogo ya mji, ukishapita Rasbura, akapanga cherehani safu kwa safu. Wanaume walikanyaga cherehani, wanawake walishona kwa mkono: mapindo, vifungo, matundu ya vifungo. Ilikuwa kazi ya kipande, ukimaliza kaptula nyingi unapata zaidi, ukisimama unapata hasara.

Wanawake walitoka mbali. Wengine Miteja, wengine vijiji vya nyuma ya Lindi, na mmoja alitoka Rondo, nyumbani kwetu. Huyo alikuwa dada yangu Sharifa.

Dada Sharifa ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa amefiwa na mume, na mtoto wao Hamisi hakuwa hata ameweza kukaa mwenyewe. Alipomaliza eda alikuja Lindi na Hamisi mgongoni, akapata kazi ya matundu ya vifungo, na hakuna aliyekuwa na mkono kama wake. Lakini usiku alilala kwenye baraza ya watu, na mchana Hamisi alitambaa chini ya meza za kazi pamoja na watoto wengine kumi na kitu. Kule Rondo, ndugu wa marehemu alitaka kumrithi. Mtu yule alikuwa na wake wawili na fimbo moja, na fimbo ndiyo iliyofanya kazi zaidi. Dada hakumtaka. Mjomba wetu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye neno, alituma ujumbe ulionyooka: Sharifa akiwa na kwake, na mtoto ana wa kumtunza, na akae Lindi. Kama ni kulala barazani, atakuja mwenyewe kumchukua, arudi arithiwe.

Mambo yakawa hivyo mpaka siku mtoto mmoja alipomeza kifungo. Kilitoka salama kwa njia yake, Mungu ni mwema, lakini Bwana Jivan aliogopa. Akatangaza kwamba mwezi ukiandama, mtoto haingii tena bandani. Hakuwa mtu mbaya. Alisema atajenga vyumba vya bei nafuu kwa wafanyakazi na nyumba ya kutunzia watoto, na akaniita mimi nimchoree.

Mwanangu, sikulala. Miaka miwili nilikuwa nimemshikia mnyororo wa kupimia mzungu mpima ardhi wa serikali, na kwa kumtazama tu nikajifunza kuchora mistari. Mstari ulionyooka ni kileo. Ukiuona umetoka mkononi mwako unadhani umeiweka dunia sawa. Nilichora vyumba kumi, vitano upande huu na vitano upande ule, milango ikitazamana, katikati njia ya hatua sita, na mwisho wa njia choo kimoja kizuri chenye mlango wa mbao. Nyumba ya watoto niliiweka juu ya kilima, mbali na vumbi la pamba na makelele ya cherehani, yenye madirisha mapana na sakafu ya saruji, wakati ambapo saruji ilikuwa adimu kuliko sukari. Nilimuuliza Bwana Jivan mabati yako mangapi. Nilimuuliza mnyapara wanawake wako wangapi. Nilimuuliza dereva wa lori mchanga unatoka wapi. Dada yangu, ambaye kila jioni tulikula sahani moja, sikumuuliza neno.

Tulijenga kwa mbio. Siku ya kuonyesha, kuta zilikuwa zimepakwa chokaa hata zinaumiza macho, nami nimesimama katikati ya ile njia yangu nikingoja sifa. Na sifa zikaja. Wanawake wakapita wakichungulia chumba hadi chumba. Bi Zuhura, mama mtu mzima wa Miteja aliyekuja na binti yake na mume wa binti, akanishika mkono akasema, "Hongera, baba. Umejenga, umejenga kweli." Wengine nao hongera, hongera. Nikavimba. Kumbe nilikuwa navishwa kilemba cha ukoka, na nimekiinamishia kichwa mwenyewe.

Kwa maana jua lilipotua, hakuhamia mtu. Kesho yake, hakuhamia mtu isipokuwa dada yangu, na yeye alihamia kwa sababu mimi ni mdogo wake. Nyumba ya watoto ilipata watoto siku ya kwanza tu. Mama walipanda nao kilima, wakawakabidhi kwa mlinzi niliyemchagua, mzee mmoja mwanamume aliyestaafu uaskari wa jela, wakashuka. Kabla ya saa nne wanaonyonyesha wakaanza kulowa nguo kifuani. Huyu anapanda kumnyonyesha wake, anarudi, kaptula zimelundikana. Yule anapanda, anakuta wake amelala, mwingine ndiye aliyelia. Siku ya tatu watoto wote walikuwa migongoni tena, mama zao wamesimama mlangoni mwa banda. Bwana Jivan akatoka akawatazama, akanitazama mimi.

"Wiki moja," alisema. "Wiki ikiisha na watoto wako hapa, mama zao wasirudi."

Jioni ile dada Sharifa aliniandalia uji, akakaa, akasema taratibu kwamba ameanza kukusanya vyombo vyake. Hakunilaumu. Angenilaumu, angalau ningejua pa kujitetea. Nilimwona anakunja kanga moja moja, na kila akikunja naiona fimbo ya yule mtu wa Rondo, na badala ya kulia nilikasirika. Nikatoka nje nikasema kwa sauti, wanawake wote wa jirani wasikie, kwamba watu wa bara wamezoea vibanda, wakipewa nyumba wanashtuka kama mbuzi aliyepelekwa darajani. Nilisema hivyo, mwanangu, mimi mtoto wa Rondo. Mpaka leo nikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Sasa pale kiwandani palikuwa na bibi mmoja akiitwa Bi Tekla. Alikuwa Mngoni, Mkatoliki wa kusali rozari, mjane wa mkata mkonge, na kazi yake ilikuwa kuokota mabaki ya vitambaa. Unajua Wangoni na sisi Wamwera ni watani. Babu zao waliwapiga babu zetu, na baada ya vilio vyote kilichobaki ni utani. Mtani ana ruhusa ambayo hata baba yako hana. Anaweza kukuambia ukweli hadharani akikucheka, na ukikasirika wewe ndiye uliyekosa adabu. Bi Tekla alinisikia. Hakujibu usiku ule.

Asubuhi, wakati wa mapumziko ya chai, nilimkuta amekaa kwenye kiti changu mwenyewe katikati ya ile njia ya hatua sita, karatasi yangu ya mchoro ameifunga kichwani kama kilemba, na wanawake wote wamemzunguka.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mtumwa wangu," akajibu, na watu wakaanza kucheka. "Leo mimi ndiye mwenye nyumba hizi. Ingia chumba kile. Wewe ni Bi Zuhura."

Akamwita mnyapara, jitu refu lenye masharubu, akamtia chumba cha mbele yangu. Huyo sasa ndiye akawa mkwe wangu, mume wa binti yangu. Kila mmoja akapewa kopo la maji. "Kumekucha," Bi Tekla akasema. "Wote mmeamka, wote mnataka choo."

Nikafungua mlango. Mnyapara akafungua wa kwake. Tukawa uso kwa uso na makopo yetu, hatua sita, na choo kimoja kikitungoja.

Wewe umekulia wakati mwingine, kwa hiyo nikueleze. Kwetu mwanamume hamwoni mama mkwe wake ovyo. Akimkuta njiani anaacha njia, anapita majanini. Hali naye, hamtaji jina. Na kwa kuwa kwa desturi yetu mume ndiye anayehamia kwao mke, mama na binti na mkwe huishi karibu, lakini milango hupangwa kwa akili, huu unatazama mashariki, ule magharibi, na njia za maji hazikutani. Nilijua hilo tangu ninanyonya. Kijijini nisingethubutu kulikosea. Lakini kwenye karatasi, mwanangu, hakuna mkwe. Kuna mistari tu, na mistari haioni haya. Wale wanawake hawakuweza kunieleza, kwa sababu jambo lenyewe ni la aibu kulitaja mbele ya kijana. Wakasema hongera, wakarudi kwenye baraza zao.

Mnyapara alifunika uso kwa kopo akakimbilia porini, na hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Bi Zuhura mwenyewe alicheka mpaka machozi, akiwa amejifunika kanga mdomoni. Nilitaka ardhi inimeze, lakini Bi Tekla alikuwa bado hajashiba. Akachukua fungu la vitambaa lenye uzito wa mtoto, akanifunga mgongoni, akanipa sindano na kaptula. "Shona kifungo kimoja. Mtoto amelia, mpandishe kilima. Rudi, shona cha pili." Nilipanda. Nilirudi. Sindano ikanichoma. Nilipanda tena. Mara ya tatu niliporudi, dada yangu alikuwa amemaliza kaptula nzima na mimi nina vifungo viwili, kimoja kimepinda.

Hapo Bi Tekla akaacha kucheka. Alinifungua mbeleko, akanifuta jasho kwa ule ule mchoro wangu, akaniambia kwa sauti ya chini, na maneno hayo sijayapoteza: "Mjukuu wangu, ukuta umeupima kwa futi. Nyumba ya mtoto haipimwi hivyo. Inapimwa kwa kilio chake. Pale kilio kinapofika masikioni mwa mama, hapo ndipo mwisho wa kiwanja chako."

Ajabu ya maneno ya kweli ni kwamba yanakuingia wakati umechoka hata kubisha. Aibu yote ilinitoka, nikashikwa na hamu kama ya mtoto aliyeonyeshwa mbuyu wa asali. Nikamuuliza, tutakijuaje kilio kinafika wapi? Akasema, kwa kulia, sasa ulidhani kwa kitu gani?

Nilikwenda kwanza kwa Bwana Jivan. Huo ulikuwa mwendo mzito kuliko wa kilimani, maana jina langu la ufundi lilikuwa limeanza tu kuota. Nikamwambia nataka kuihamisha nyumba ya watoto na kugeuza milango. Akauliza kosa ni la nani. Nikasema langu. Akasema, "Saruji sina tena. Siku ulizo nazo ni tano." Nikamwambia udongo wa Lindi ni mwingi na hauuzwi.

Alasiri ile ile tukapima, na nakuambia mwanangu, nimejenga misikiti, nimejenga shule, sijawahi kufurahia kipimo kama kile. Cherehani zote zilikuwa zikinguruma. Wanawake wamekaa mahali pao wanashona. Mimi nimesimama mlangoni na vigingi. Bi Tekla akampa Hamisi kipande cha muhogo wa kuchemsha, akamwacha auonje, kisha akamnyang'anya. Hamisi alilia kilio cha mwenye haki. Bi Tekla akaanza kurudi nyuma naye, hatua kwa hatua, kuelekea upande unakotoka upepo ili vumbi la pamba lisiwafuate watoto, na tulikubaliana kila mwanamke anayemsikia ainue mkono. Mikono yote juu. Hatua ishirini, juu. Hatua thelathini, ikaanza kushuka mmoja mmoja kama watu wanaosinzia. Hatua arobaini ulibaki mkono mmoja, wa dada yangu, na ulibaki juu mpaka Bi Tekla alipofika karibu na barabara.

Tukafanya hivyo na watoto wengine watatu. Kila mara mkono wa mwisho ulikuwa wa mama mwenyewe, na kila mara mimi nilikuwa nimeacha kusikia kitu kitambo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikuwa nikiusema msemo huo tangu utotoni, lakini siku ile niliuona kwa macho. Nikataka kupiga kigingi pale mkono wa mwisho uliposhuka. Bi Tekla akakataa. "Piga hapa karibu, pale hata mnyapara anaposikia. Mlezi akijua anasikiwa na wengi, halali." Nikapiga hapo.

Siku nne zilizofuata ni siku ambazo ningependa uzionje hata kidogo. Wanaume wa bandani walipomaliza kazi jioni walikuja na mapanga kukata fito. Wakwe wa watu, wapagazi wa gatini, akina baba ambao hawakuwahi kuulizwa kuhusu mtoto wao isipokuwa jina, walisimamisha nguzo. Mabati ya kilimani tuliyateremsha vichwani, na wanawake walinitungia wimbo kwamba kuna fundi alijenga jirani na mawingu ili malaika wamsaidie kulea. Niliitikia kibwagizo mwenyewe, kwa sauti kubwa kuliko wote. Udongo ulikandikwa na mikono zaidi ya sitini, maana Ijumaa hata mafundi wa cherehani walivua viatu. Ukuta mmoja niliuacha nusu, wa kifua cha mtu mzima, ili mama apitaye amwone mwanawe bila kuingia, na mlangoni nikaweka kizingiti kirefu ambacho mtu mzima anakivuka na anayetambaa hakivuki. Vyote hivyo niliambiwa. Mimi nilikuwa nauliza tu, na kila nikiuliza nilijibiwa na watu watano kwa pamoja. Kuhusu walezi, hakuna aliyemtaka tena mzee wangu wa jela. Bibi watatu waliokuja na mabinti zao walipangwa kwa zamu, Bi Tekla akiwa mkuu wao, na kila mama alileta kibaba chake cha unga kwa ajili yao. Mkono mmoja haulei mwana.

Na vile vyumba kumi? Sikubomoa kitu, mwanangu, isipokuwa milango mitano. Safu moja niliziba milango yake kwa udongo nikaifungua upande wa nyuma, kwa hiyo safu hiyo ikaipa mgongo ile nyingine. Nikachimba choo cha pili kule. Mama mkwe safu hii, mkwe safu ile. Bi Zuhura alihamia siku ile ile udongo ukiwa bado mbichi, na kufikia Jumamosi sikuwa na chumba kitupu.

Siku ya saba Bwana Jivan alikuja asubuhi, akasimama katikati ya banda mikono nyuma. Mtoto akalia. Wanawake watatu waliinua vichwa, wawili wakainamia kazi zao tena, mmoja akainuka, akatoka, akamnyonyesha wake, akarudi kabla uzi wa jirani yake haujaisha. Bwana Jivan alitazama mlangoni, palikuwa patupu. Akatikisa kichwa kidogo, akaenda zake kuhesabu marobota. Kwa mtu kama yule hiyo ilikuwa hotuba.

Nilidhani yameisha. Mchana ule ule lori la Rondo likamteremsha mjomba.

Alikuwa amekuja na kamba ya kufungia mizigo. Nilimwona nayo begani nikajua ni ya vyombo vya dada. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kutabasamu, akaingia chumbani kwa dada, akakaa kwenye mkeka. Alitazama kuta. Alitazama kitanda cha kamba, mafiga yaliyokuwa nje ya mlango, kanga zilizokunjwa tayari kwa safari ambazo dada alikuwa hajazifungua. Dada Sharifa alikuwa amepiga magoti kumpa maji, na maji yakamwagika kidogo kutoka mikono ile isiyokosea tundu hata moja.

"Mtoto yuko wapi?" mjomba akauliza. "Umemwachia nani?"

Dada aliweka maji mbele yake. Alisema, "Sikiliza, mjomba."

Tukatega masikio wote watatu. Cherehani zilikuwa zinanguruma kule bandani, na juu ya ngurumo hiyo, wazi kabisa, tulimsikia Hamisi. Halii. Alikuwa anacheka, kile kicheko cha kukatika pumzi cha mtoto anayerushwa juu, na sauti ya Bi Tekla ikimtania kwamba na yeye ni Mmwera, atakuwa mtumwa wake akikua.

Mjomba alisikiliza mpaka kicheko kikaisha. Kisha akaishusha ile kamba begani, akaiweka chini nyuma ya mgongo wake kana kwamba si yake, akanywa maji yote. "Basi," alisema, "mimi nilikuja kuwasalimu tu."

Dada yangu alilia, mwanangu, nami nikatoka nje haraka kwenda kutafuta kuku wa kumchinjia mgeni, maana sikutaka mjomba anione.

Sasa nikuusie, na uyashike. Ukipewa kazi ya kuwajengea watu wasio na kitu, usidhani umaskini wao umewafanya wasiwe na desturi. Nafuu ya bei isiwe nafuu ya heshima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo kabla ya kuchora, kamuulize atakayelala humo, na ukimuuliza mbele ya wengine na akasema ni vizuri, rudi umuulize peke yake, au mtume mtani wake. Watu wetu ni wapole. Wanaweza kukupa hongera na wasikupe ukweli, si kwa unafiki, bali kwa kukuonea huruma. Ukiona nyumba yako imesifiwa na haikaliwi, usiwatukane wenye kuikataa. Jitazame.

Na ukikosea, sema ni langu, upesi, kabla wiki haijaisha. Neno hilo halikuvunji jina. Mimi nililisema nikiwa na umri kama wako, na watu walinipa kazi miaka yote iliyofuata kwa sababu walijua milango yangu hugeuzwa ikibidi. Na daima, daima, unapojenga mahali pa watu wanaofanya kazi, uliza mtoto ataachwa wapi na nani atamsikia. Wakubwa wa karatasi huliweka swali hilo mwisho, pembeni, juu ya kilima. Wewe lianze.

Nenda, mwanangu. Mola akupe mkono mwepesi na sikio pevu, akujaalie nyumba zako zikaliwe na wenyewe kwa raha, wazeekee humo na wazaliane humo. Akuepushe na sifa za bure, akukutanishe na watani wakweli. Na siku utakapoitwa kwenye nyumba uliyoijenga, ukiwa umekaa mkekani umepewa maji, usikie mtoto wa watu anacheka nyuma ya ukuta wa jirani, na mama yake wala hainui kichwa, kwa jinsi alivyo na amani. Amina.